Dakika Arobaini na Moja za Faisal

Barua zenu za wiki jana nimezisoma zote. Kuna mama wa mtaa wa Kawangware 46 aliyeandika kwamba angependa kuzaa kijana kama mimi, anayelinda stara ya ndugu yake hata akiwa kaburini. Kuna imamu aliyenitumia dua. Kuna mwalimu aliyesema nastahili kutungiwa wimbo.

Tulieni kwanza. Leo nitawakata maini, na nikimaliza, anayetaka kunitungia wimbo aendelee.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo yalikuwa hivi. Mimi ni Nasir, mzaliwa wa Kibera, fundi wa cherehani hapa Mashimoni. Mdogo wangu Faisal alikamatwa Ijumaa moja mwezi wa Mei akiwa kwenye pikipiki na rafiki yake, Muiruri wa Kawangware. Mfukoni alikuwa na simu yangu. Ndani ya simu kulikuwa na video niliyoipiga mimi mwenyewe, askari akipiga teke jiko la mama wa chapati, na sauti yangu ikisikika ikimtukana. Video hiyo ilikuwa imeshazunguka Nairobi nzima, na askari walikuwa wakimsaka mwenye sauti.

Jumamosi, kabla ya adhuhuri, Faisal na Muiruri walikuwa maiti. Kituo chenyewe mhariri amenikataza kukitaja.

Kamera ya korido ya seli ilirekodi dakika arobaini na moja, picha na sauti. Wagaki, mama yake Muiruri, alikwenda kortini kuomba rekodi hiyo ifunguliwe, ionyeshwe hadharani na kila gazeti lipewe. Familia yetu ikaweka pingamizi. Aliyekula kiapo ni mimi. Niliapa kwamba sisi Waislamu hatuaniki maiti zetu, na kwamba mama yetu hataki dunia imtazame mwanawe akikata roho.

Hapo ndipo mlipopiga makofi. Sasa sikilizeni.

Sikutaka rekodi ile ionekane kwa sababu mimi nimo ndani yake.

Asubuhi ile ya Jumamosi Mama alipika gurusa, mikate yetu laini ya Kinubi. Akapakia nne kwenye hotpoti, akajaza chai kwenye thamosi. "Mpelekee mdogo wako kabla hazijapoa," akaniambia. "Mwambie Mama yuko kwa mswala, anamwombea."

Askari wa kaunta alikuwa akiongea na simu. Akanipungia mkono nipite. Nikaingia koridoni mpaka kwenye vyuma vya seli.

Faisal alikuwa ameketi sakafuni, jicho moja limefunga. Muiruri alikuwa amelala ubavu nyuma yake. Faisal aliponiona alijivuta mpaka kwenye vyuma.

"Nasir! Bro, waambie wanipeleke hosi. Siwezi pumua poa."

Mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka askari mrefu. Mkononi alikuwa ameshika simu yangu.

"Wewe ni nani wa huyu?"

Niliitazama ile simu.

"Si mtu wangu, afande," nikasema. "Nimeleta chakula ya mtu mwingine. Naona nimekosea stesheni."

"Unamjua?"

"Simjui."

Faisal alikuwa akinitazama. Alifungua mdomo, halafu akaufunga. Nami nikageuka, nikatoka na hotpoti yangu, nikipiga hatua za mtu asiye na haraka. Ndivyo nilivyomruka ndugu yangu wa tumbo moja, na kamera juu ya kichwa changu wala sikuiona.

Bado sijamaliza. Karibu na reli nilikaa chini. Nikafungua hotpoti nikala zile gurusa, zote nne. Woga hunipa njaa tangu nikiwa mdogo, lakini sisemi hivyo kujitetea. Nasema kwa sababu nilipofika nyumbani na hotpoti tupu, Mama aliniuliza, "Alikula?"

Nikajibu, "Alikula zote, Mama. Amesema ahsante."

Saa saba mchana habari ikaja kwamba amefariki.

Tangu siku hiyo Mama anaishi kwa maneno hayo. Akiamka usiku analia, halafu anajituliza mwenyewe: alhamdulillahi, hakuondoka na njaa. Nimemsikia akilisema jambo hili kwa wageni wa tanga, kwa majirani, kwa mwenye kibanda cha maji. Mara mia moja nimelisikia, na mara mia moja nimetikisa kichwa kwamba ni kweli.

Ndiyo maana nikaapa. Stara ya Faisal ilikuwa shuka tu ya kujifunika mimi.

Sasa, wiki mbili baada ya pingamizi kuwekwa, Wagaki alikuja Mashimoni. Alasiri ilikuwa imeshaadhiniwa. Wagaki ana ploti tatu za kupangisha kule Kawangware 46, ni mtu wa kanisa, amezoea kubishiwa hodi, si kubisha. Lakini siku hiyo alisimama mlangoni petu na viatu mkononi kwa ajili ya matope.

"Mama Nasir, mimi sijakuja kugombana."

"Ingia, dada yangu," Mama akamwambia. "Hapa hakuna mtu ako na nguvu ya kugombana."

Mama alimwekea chai. Nuria, mke wa Faisal, alikuwa chumba cha ndani kwa kuwa alikuwa eda. Pazia tu lilimtenga nasi, kwa hiyo alisikia kila kitu.

"Wangu walimpasua," Wagaki akaanza. "Daktari akaandika ameumia, halafu akaandika labda alianguka. Sasa hiyo labda ndio nitakula? Wako mlimzika siku hiyo hiyo, hamkutaka apasuliwe, na siwalaumu. Lakini sasa karatasi hakuna. Imebaki tu hiyo video. Mkiifunga, hao watu wanarudi kazi."

"Na tukiifungua?" Mama akauliza. "Kesho iko kwa simu ya kila mtoto. Watu wanaangalia mwanangu akikufa, huku wanakula chipsi. Wanaandika maneno ya kucheka hapo chini. Mwanangu alizikwa amefunikwa. Nimfunue tena mimi mamake?"

"Wangu mimi nitamfunua. Aibu si yake, Mama Nasir. Ni ya wenye walimfanyia."

"Wako ni wako. Lakini wote wawili wako ndani ya video moja."

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda katikati yao, na nawaambieni ukweli, sikuweza kumwona mwenye makosa. Kila mmoja alikuwa na haki yake mkononi, na mtu pekee asiye na haki yoyote mle ndani ndiye aliyekuwa ameapa.

Mama akanigeukia ghafla.

"Nasir. Wewe ndiye ulimuosha. Sijawahi kukuuliza. Alikuwa na nini kwa mwili?"

Kwetu, anayeosha maiti hasemi alichokiona. Kama kuna alama, kama kuna jeraha, kama uso umebadilika, anakwenda nayo kaburini kwake. Mimi niliuosha ubavu wa kushoto wa Faisal kwa mikono hii. Najua kilichokuwepo. Ningesema neno moja tu, Mama angevaa buibui lake na kwenda kortini mwenyewe kuomba rekodi ifunguliwe.

"Mama, muosha hasemi."

Mama aliinamisha kichwa. "Ni kweli. Nisamehe, mwanangu. Ni uchungu tu."

Akaniomba msamaha, yeye. Nilitamani ardhi inimeze.

Wagaki alinikazia macho. "Hata kwa mamake?"

"Hata kwa mamake."

Nadhani Mama alimwonea huruma, maana alimshika mkono. "Mimi nina afadhali kidogo kukushinda," akamwambia. "Wangu alikula. Nasir alimpelekea chakula yangu, gurusa nne, akamaliza zote. Hakufa na njaa."

Sura ya Wagaki ilibadilika. "Uliingia ndani, wewe? Mimi walinifungia nje kwa geti na githeri yangu mpaka ikapoa." Sauti yake ikashuka. "Ulimuona Muiruri? Alikuwa anakaa aje?"

Wasomaji, hapa ningeweza kunyamaza. Ningesema sikumwona vizuri. Lakini mama yule aliniangalia kwa namna ambayo mdomo wangu uliniponyoka.

"Walikuwa pamoja," nikasema. "Faisal alimgawia. Walikula wote."

Wagaki alilia pale pale, kilio cha sauti, na Mama akalia naye. Waliposhukuru Mungu, kila mmoja kwa lugha yake, nilitoka nje nikajifanya natazama paa.

Alipokuwa akiondoka, Wagaki alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akubariki. Sasa ndio lazima niione hiyo video. Zamani nilitaka dunia ione venye alikufa. Saa hii nataka kumuona akikula."

Uongo wangu ndio uliomtia moto zaidi.

Mwezi Agosti hakimu alitoa agizo. Kabla ya kuamua kama rekodi ni ya umma au ifungwe, mtu mmoja wa karibu zaidi kutoka kila familia ataitazama katika chumba cha hakimu, bila simu, bila wakili. Atakayeitazama asitoe siri nje mpaka uamuzi utolewe. Kwa Muiruri, mama yake. Kwa Faisal, mke wake. Kama mke hataweza kufika siku hiyo, aliyekula kiapo atakaa mahali pake.

Sikumhofia Wagaki sana. Angekuwa amefungwa mdomo na korti, na hata angesema, nani Mashimoni angemwamini yeye aniache mimi? Nuria ndiye aliyekuwa hatari. Nuria analala nyumba moja na Mama.

Wakili wetu, Muchiri, alinigeukia. "Hakimu anatoa tarehe kumi Septemba au kumi na saba. Familia inataka gani?"

Nikapiga hesabu kwa vidole chini ya benchi. Faisal alifariki tarehe tatu Mei. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Mei, Juni, Julai, Agosti, tarehe tatu Septemba, ongeza kumi. Nuria angetoka eda tarehe kumi na tatu. Tarehe kumi angekuwa bado yuko ndani, hatoki, na mimi ningeingia badala yake. Shehe angeweza kumruhusu atoke kwa dharura kama hiyo, lakini nilihakikisha hakuna anayemuuliza shehe.

"Kumi," nikamnong'oneza Muchiri.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiimba. Niliwaambia Mama na Nuria tarehe ya kesi, lakini lile la mke kuitwa sikulitaja.

Asubuhi ya tarehe kumi nilikuwa mlangoni nang'arisha viatu. Nuria akatoka chumbani amevaa buibui, mtandio wa rangi ya chungwa kichwani, mkoba begani.

"Twende," akasema.

"Twende wapi? Wewe uko eda."

"Eda iliisha juzi."

"Iliisha aje? Ni tarehe kumi na tatu! Nimehesabu!"

Mama alicheka kutoka jikoni. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu Mei. "Umehesabu na kalenda ya duka? Eda ni ya mwezi mwandamo, wewe. Maulidi tumesoma Ijumaa. Jumatatu wanawake wamekuja hapa kumuogesha, ulidhani wanafanya nini?"

Nilidhani ni shughuli za Maulidi. Mimi, niliyechapwa viboko madrasa miaka saba, nilihesabu mambo ya dini kwa kalenda ya picha ya paka iliyo ukutani kwa fundi mwenzangu. Nilikosea kwa siku tano, na hizo siku tano ndizo zilizonimaliza.

"Lakini nani amekwambia unatakiwa?" nikamuuliza Nuria.

"Yule wakili wa Mama Muiruri, Joan. Alinipigia jana kunikumbusha. Akashangaa kuskia sijui." Nuria alinitazama kidogo. "Kwa nini hukuniambia, Nasir?"

"Sikutaka uumie."

"Mume ni wangu. Wacha niumie."

"Nuria, kuna vitu mtu hawezi kusahau akishaona."

"Venye sijaona ndio sisahau. Kila siku naona kifo yake tofauti. Wacha nione moja ya ukweli, nijue ni hiyo."

Nilivaa viatu nikawafuata, yeye na Mama.

Kortini Wagaki alikuwa ameshafika, amevaa gauni lake la Jumapili. Alimkumbatia Nuria kama mwanawe. "Tutawaona wakikula," nilimsikia akimwambia, na Nuria akampapasa mgongo.

Waliingia chumba cha hakimu saa nne kasoro dakika mbili. Mama alikaa ndani ya ukumbi na tasbihi yake. Mimi nilisimama koridoni chini ya saa ya ukutani. Ilipofika saa nne na dakika mbili nilikisia wameniona nikiingia. Saa nne na dakika nne nilikisia wameniona nikitoka. Baada ya hapo sikuwa na la kuhesabu.

Mlango ulifunguka. Wagaki alitoka wa kwanza. Alitembea taratibu mpaka mbele yangu, akasimama karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake.

"Hakuna mtu alikula," akasema.

Joan alimkimbilia akamshika mkono. "Mama Muiruri, tafadhali. Amri ya korti. Usiseme kitu."

"Sijasema kitu," Wagaki akamjibu, bila kuniondolea macho. "Nimesema hakuna mtu alikula." Akaondoka.

Nuria alinivuta mpaka kwenye dirisha la mwisho. Hakuwa analia. Laiti angelia.

"Nuria, nisikize. Niliogopa. Alikuwa ameshika simu yangu."

"Nimeona. Hiyo ya kumruka nimeona, na wallahi ningekusamehe. Mtu huogopa. Unajua nini ilifuata ukienda?"

"Sijui."

"Yule afande alimuuliza, 'Huyo wa chakula ndiye mwenye simu?' Faisal akasema simjui. Akamuuliza, 'Si umemuita Nasir?' Akasema nimemfananisha. Muiruri akaingilia, akasema hata yeye hamjui. Wakaanza na Muiruri. Dakika thelathini na tano, Nasir. Kila wakipumzika wanamuuliza tena. Alikuwa na neno moja tu la kusema, waachwe wote wawili. Hakusema."

Nilitaka kufa. Siandiki hivi kuipamba hadithi. Kama lile dirisha lisingekuwa na vyuma, leo mngekuwa mnasoma kitu kingine kwenye ukurasa huu.

"Sasa utasema?" nikamuuliza. Hilo ndilo swali lililotoka mdomoni mwangu. Sikuuliza kama aliteseka sana. Niliuliza kama atasema.

Nuria alivuta mkoba wake begani. "Mimi nimefungwa mdomo. Wewe ndiye uliapa. Ingia uondoe hicho kiapo. Ukiondoa, Mama atajua. Usipoondoa, wale wanarudi kazi. Sina lingine na wewe."

Karani akatuita.

Ukumbi ulikuwa umejaa waandishi wa habari. Kwenye benchi la nyuma walikaa wanaume watatu wamevaa suti, na mmoja wao nilimtambua kwa urefu wake. Hakunitazama hata mara moja.

Joan alisimama kwanza. "Mheshimiwa, kamera ni ya umma. Jengo ni la umma. Waliolipwa kuwalinda hawa vijana walilipwa na umma. Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari. Vifo viwili ndani ya jengo la umma haviwezi kugeuzwa siri ya nyumba moja."

Muchiri akamjibu vizuri, sitamnyima haki yake. "Mheshimiwa, ukiifungua rekodi hii, marehemu atauawa kila siku kwenye simu za watu wasiomjua. Familia ina haki ya kuomboleza bila watazamaji. Mama mzazi amesema hapana."

Hakimu alimuuliza Wagaki msimamo wake. "Fungua," akasema, akakaa.

Alimuuliza Nuria. Nuria akasimama. "Mimi nimeona, mheshimiwa. Aliyeapa aseme mwenyewe."

Macho yote yakanigeukia.

"Ndugu Nasir," hakimu akasema. Alikuwa ameitazama rekodi. Alijua mimi ni nani. Sauti yake ilikuwa na upole wa kunionea haya. "Bado unasimama na kiapo chako?"

Nilisimama. Nilimwona Nuria, amefumba macho. Nilimwona Wagaki. Halafu nilimwona Mama, tasbihi imetulia mkononi, ananitazama kwa fahari, kijana wake mkubwa akizungumza mbele ya hakimu.

"Nasimama nacho, mheshimiwa."

Ndiyo, nilisema hivyo. Baada ya yote niliyoambiwa dirishani, nilisema hivyo. Siku ile ya Mei nilimwogopa askari, na kuogopa bunduki si ajabu. Siku hii nilimwogopa mwanamke wa miaka sitini na minne aliyenipikia maisha yangu yote. Kwa ajili ya macho yake nilimruka Faisal mara ya pili.

Nuria aliinuka kutoka kando ya Mama, akavuka ukumbi, akaenda kukaa na Wagaki. Kule nyuma, wale watatu waliegemea benchi, mmoja akafungua kifungo cha koti.

Hakimu alishika kalamu. "Kwa kuwa familia ya marehemu mmoja inaendelea kupinga, na kwa kuwa rekodi haiwezi kutenganishwa, mahakama hii inaelekea kuamuru kwamba..."

"Mheshimiwa, samahani."

Mama alikuwa amesimama. Muchiri alijaribu kumketisha, akautoa mkono wake.

"Hiyo karatasi inasema mama hataki. Mama ni mimi, na tangu nije hapa hakuna mtu ameniuliza."

Hakimu aliweka kalamu chini. "Sema, mama."

"Mimi kifo sitaki kuona. Na sitaki watu waione. Hapo mwanangu Nasir amesema ukweli." Alivuta pumzi. "Lakini huyu mama mwenzangu amemuona wake. Mke amemuona mumewe. Mimi nilizaa, na nitaenda kaburini sijamuona tena? Kuna pahali kwa hiyo video Faisal anakula. Chakula yangu, nilipika kwa mkono yangu. Nasir alikuwa hapo, alimpelekea. Naomba mnionyeshe hapo tu, akikula. Halafu mfunge, na mimi nitaweka kidole."

Joan alimtazama Wagaki, Wagaki akatazama sakafu. Nuria alijifunika uso na mtandio wake wa chungwa. Wale wanaume watatu waliacha kuegemea. Hakimu alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Mama," akasema pole pole, "rekodi ni ndefu."

"Najua ni ndefu, baba. Sitawapotezea wakati. Mtu alikuwepo, ako hapa, anaweza kuwaonyesha."

Mama alinigeukia. Alikuwa akitabasamu.

"Nasir, simama. Mwambie mheshimiwa ni dakika ya ngapi."